Mwaka Tuliopalilia Mwamba

Kijana aliyekaa karibu na mlango siku ya hitima ya Bweni Sitti (bweni kwetu ni bibi wa heshima) alikuwa na adabu nzuri, na ndiyo maana nilimwacha aseme mpaka mwisho. Ni mjukuu wa jirani, amesomea mambo ya bahari ng'ambo, na sasa kazi yake ni kupiga mbizi na kutazama samaki. Alitueleza sisi wanawake wazima, tuliojaa chumbani na shiromani zetu, zile nguo za kujitanda, mabegani, kwamba mwamba ule ulioko kati ya mji wa Mutsamudu na ziara, lile kaburi la mtu wa Mungu, una samaki aina ya pono na kangaja wengi kuliko kokote alikotazama kisiwani kwetu Ndzuani, na matumbawe yake ni mazima, hayakufunikwa na mwani. Sababu hawajaijua. Labda ni bahati tu, alisema, akapokea chai. Mimi nilikuwa nimesafiri kutoka Mombasa na miguu iliyovimba na moyo mzito, sikuwa na subira ya kusikia bahati ikisifiwa katika nyumba ile. Nikamwambia, "Mwanangu, bahati hiyo ilikuwa na jina, na juzi tumeiosha na kuizika." Wenzangu walioikumbuka habari yenyewe waliinamisha vichwa, wanaficha kicheko msibani. Kijana akatahayari, na baadaye nikamwonea huruma, maana nani angemweleza? Hatukuwahi kuiandika. Basi naiandika mimi, na kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha niliyolelea watoto wangu. Bweni Sitti mwenyewe alikijua kidogo, kile cha kuulizia bei ya vitambaa, na alipenda kunionyesha kwamba hajakisahau.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoingia chumba chake. Nilikuwa nimemaliza masomo Moroni, mji mkuu, na kutumwa Mutsamudu kungoja nafasi ya ualimu iliyochelewa, na yeye akanipokea kwa sababu alihitaji mtu wa kumsomea barua za Kifaransa na mimi nilihitaji pa kulala. Nyumba yake ilikuwa ndani ya mji wa kale, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wenye vikapu lazima wapatane nani arudi nyuma. Chumba changu kilikuwa na kitanda kirefu cha kupandia kwa kigoda, na ukutani vishubaka vya sahani za kigeni ambazo hazikuliwa chakula hata siku moja. Harufu mbili zilipigania chumba kile: maua ya mlangilangi aliyoyakausha kwenye tambara, na samaki. Kwa kawaida samaki alishinda. Tulikula sebuleni chini, mkekani, shelisheli la kuchoma, mataba ya majani ya muhogo yaliyotwangwa na kupikwa kwa nazi, na kando kijibakuli cha putu, pilipili ya kusaga iliyonitoa machozi miezi miwili mizima. Bweni Sitti alinitazama nikilia nikila, akaniuliza kama Moroni wanafundishwa kusoma tu, kula hawafundishwi.

Nyumba ilikuwa yake, kama nyumba zilivyo za wanawake katika visiwa vyetu. Mwanamume hukaa kwa mkewe, lakini ana sahani nyingine, ya zamani zaidi, kwa dada yake. Kaka mdogo wa Bweni Sitti, Saindou, mkazi wa mtaa wa Hombo, alikuja kila Ijumaa baada ya sala kuila sahani hiyo. Alikuwa mcheshi, mzuri wa sura, mwenye kanzu iliyopigwa pasi kwa hamu, na alipoingia dada yake alibadilika. Mwanamke yule aliyeweza kunyamazisha soko alianza kuuliza kama mchuzi haujazidi chumvi. Siku za wiki alikuwa mwingine. Jioni wanawake walikuja kukaa naye upande wa pili wa ukuta wangu, na mimi nililala juu ya kitanda changu kirefu nikiwasikiliza. Walizungumza juu ya mwamba kama wengine wanavyozungumza juu ya shamba. Wakati wa bamvua, maji yakipwa mpaka mbali, wao ndio walioshuka kwa miguu, wawili wawili, wameshika pembe za shiromani kuukuu, wakachota tasi na samaki wadogo, wakachokoa pweza mashimoni. Wanaume walikaa na ngalawa zao nje, kwenye maji makubwa. Ukingo wa mwamba ulikuwa mpaka, na Bweni Sitti ndiye aliyesema siku ya kushuka. Nilimsikia mwanamke mmoja akisema kwamba mwamba ndio kitoweo pekee ambacho hakumwomba mume, na wote wakaitikia kwa sauti ambayo nimeisikia tena mara chache sana maishani mwangu.

Mamluki walikuwa wameshaingia nchini na kuzoea. Hili watoto wangu hulisikia kama hadithi, kwamba wazungu wachache wenye bunduki za kukodiwa walikuja kwa bahari, wakaiangusha serikali moja na kuisimamisha nyingine, kisha wakabaki, wakawa na magari, nyumba na meza za kulia. Sisi tuliishi nao kama mtu anavyoishi na nyoka aliyeingia dari: hupigi kelele, hutazami juu. Makao yao makubwa yalikuwa huko Ngazidja, kisiwa ulipo Moroni, na katika njia ya kwenda Itsandra palikuwa na nyumba walimokula wakubwa wao. Hao ndio waliopenda pono. Saindou alipata kazi ya kuwanunulia samaki hapa kwetu na kuwapelekea kwa ndege ndogo, katika masanduku ya barafu, na pono ndiye waliyemtaka kwanza, kwa nyama yake nyeupe isiyo na miiba ya kusumbua. Kila mvuvi anajua kwamba pono usiku hulala hoi katika matundu ya matumbawe, unaweza karibu kumwokota. Basi vijana walianza kuvuka mpaka. Waliingia mwambani usiku na karabai na chusa, wakaokota pono, wakaokota kangaja, na walipochoka kuokota wakatega nyavu za macho madogo katika mkondo. Wanawake waliona taa kutoka madarishani mwao. Walinyamaza kwanza, kwa sababu taa zile zilikuwa za waume na wana wao, na nyuma ya taa palikuwa na wale wa darini.

Mwani ulikuja baada ya kusi. Mwanzo ulikuwa ukungu wa kijani tu juu ya mawe, tukateleza na kuchekana. Kisha ukawa manyoya, kisha mashuka, ya kahawia na mazito, yaliyofunika matumbawe mpaka rangi zake tusizione. Shiromani zilipanda na majani badala ya samaki. Jioni upande wa pili wa ukuta hapakuwa na kicheko tena. Mmoja alisema ni laana, mwingine akasema ni mvua, mwingine akasema ni meli fulani kubwa iliyomwaga mafuta bandarini. Bweni Sitti, ambaye alikuwa na shamba la muhogo kule juu na hakuwahi kushindwa na magugu, akasema jambo lililoonekana la akili kabisa wakati ule: shamba likiota majani, hupaliliwa. Na sisi, Mungu atusamehe, tukaenda kuupalilia mwamba.

Natamani kijana yule angeiona siku ile. Bamvua lilikuwa kubwa, mwamba umetoka wote, na wanawake wa mitaa yote walishuka na majembe madogo, visu na vikapu, wanaimba zile nyimbo za kualikana shambani. Nilikuwa miongoni mwao na sketi yangu ya ualimu nimeifunga kiunoni. Tuling'oa, tukakwangua, tukajaza vikapu, tukamwaga mwani pwani mpaka ukawa vilima, na mbuzi wa Hombo walikuja kunusa na kuondoka kwa dharau. Tulirudi tumechunika mikono na tumejaa fahari, na usiku ule Bweni Sitti alipika wali wa nazi kama wa sikukuu. Bamvua lililofuata tulishuka kutazama kazi yetu. Mwani ulikuwa umerudi mzito zaidi, na chini yake matumbawe yalikuwa yamevunjika pale majembe na miguu yetu ilipopita. Bweni Sitti aliokota kipande cheupe, akakitia ndani ya nguo, na tukarudi nyumbani kama watu waliotoka mazikoni.

Lakini mtu wa kushindwa kimya hakuwa yeye. Siku iliyofuata aliniamsha baada ya alfajiri akaniambia tutembee mwambani mpaka mwisho, tuone uharibifu umefika wapi. Tukatembea katika mwani mpaka upande wa ziara, pale kwenye kaburi la mtu wa Mungu juu ya jabali. Mbele ya kaburi lile havui mtu, si mwanamume wala mwanamke. Ni heshima ya siku zote, na hata vijana wa karabai waliogopa. Hapo mwani ulikoma. Sisemi ulipungua, ulikoma, kama mtu aliyefika kwenye ua wa jirani. Mbele yetu katika maji ya magotini matumbawe yalikuwa safi, ya zambarau na manjano, na juu yake kundi la kangaja lilipita likidonoa, na pono wakubwa wa kijani wakikwangua mawe kwa ile midomo yao ya kasuku, tukisikia kabisa, kr, kr, kr. Bweni Sitti akasema ni baraka ya ziara. Mimi nilikuwa na ujinga wa shule, ule wa kuuliza, nikamuuliza baraka hiyo inautoa mwani kwa kitu gani. Alitaka kunikemea, nikaona. Akatazama samaki muda mrefu. Kila mwanamke wetu amepasua tumbo la pono maelfu ya mara na kulalamikia uchafu wake, majani mabichi na mchanga, na yeye alikuwa amelalamika pamoja na wengine maisha yake yote.

"Baraka ina meno," alisema mwishowe. "Na sisi tumeyapeleka Moroni kwenye barafu."

Jioni ile ukuta wangu ulitetemeka. Nilikaa ndani na wenzangu mara hii, si kitandani. Aliwaeleza tulichokiona, na waliobisha aliwaambia waende wakatazame. Kisha akasema kwamba wanaume hawatasikia neno letu mpaka waone tumeanza na nafsi zetu. Sisi tulitumia utupa, ule mmea unaopondwa na kutiwa kwenye vidimbwi ili samaki walewe, na utupa hauchagui. Unaua na vifaranga vya pono visivyofika kidole. Na tasi, kitoweo chetu kile, naye ni mla mwani. Basi utupa uachwe, na tasi waachwe, tubaki na pweza na chaza mpaka mwamba upone. Mwanamke yule wa kitoweo kisichoombwa kwa mume alilia waziwazi. Bweni Sitti hakumbembeleza. Alitoka uani, akaishika miche yake ya utupa, aliyoipanda mwenyewe na kuimwagilia, akaing'oa mmoja mmoja mbele yetu, na alipomaliza wale waliokuwa na miche kwao walikwenda kung'oa ya kwao. Nimehudhuria mikutano mingi tangu hapo, na sijaona uamuzi uliofikiwa vizuri kuliko ule.

Ndipo likatangazwa katazo. Atakayevua pono, kangaja au tasi ndani ya ukingo, na atakayewanunua, atatengwa na wanawake wa mwamba. Chakula chake hakiliwi, na cha watu hapewi. Harusi ya mwanawe haiimbiwi wala haipikiwi. Salamu ataitikiwa, kwa kuwa hiyo ni haki ya Mungu, lakini baada ya salamu hana neno. Kwa asiyekujua kwetu hili litaonekana dogo. Kwetu mtu akitengwa hivyo ni bora ahame kisiwa. Vijana wa karabai walishikilia wiki chache kwa ubishi, mpaka mmoja alipotaka kuoa na mama yake akakosa hata mtu wa kumpepetea mchele, wakaziweka chusa zao chini. Aliyebaki ni Saindou, ambaye aliwatoa wavuvi vijiji vya mbali na kuwaleta usiku. Ijumaa aliyokuja baada ya katazo, alinawa, akakaa mahali pake, na mkeka ulikuwa mtupu. Bweni Sitti alisimama mlangoni mwa jiko. Saindou alifikiri ni mzaha, akacheka. Kisha akaelewa, akatazama kanzu yake kama anayetafuta doa, akaondoka. Nilikuwa nimeshika birika, na sikujua pa kuliweka.

Haukupita muda yakaja maneno kutoka Moroni kwamba yule mwanamke anayewazuia watu kuvua aende akajieleze. Siku zile mkusanyiko wowote ulinukia siasa, na walioitwa hivyo hawakurudi wote. Saindou aliapa kwa watu kwamba yeye alisema tu kwa nini samaki wamekatika, jina hakulitaja. Majirani walikuja kumuaga Bweni Sitti kama mtu aendaye hija, wengine kama mtu aendaye kaburini. Mimi nilikwenda naye kuwa ulimi wake, na sitajisifu kwamba sikuogopa. Tulipanda meli ndogo ya mizigo pamoja na magunia ya vitunguu, tukalala Moroni kwa watu wake karibu na msikiti wa Ijumaa, ambapo walitupa ndizi za kupika na samaki na kutushauri kwa kunong'ona tuombe msamaha upesi. Bweni Sitti alikula vizuri. Asubuhi alivaa shiromani mpya, nyekundu, ya kwendea harusini.

Katika nyumba ile ya njia ya Itsandra tulikuta chumba kirefu, meza iliyokwisha kutandikwa, redio ikiimba, na mzungu mwenye mikono myekundu kwa jua. Mkanda wa bastola aliutundika nyuma ya kiti kama kitambaa cha kufutia vyombo. Hakutukaribisha kukaa, na Bweni Sitti akakaa. Yule mtu aliuliza nani amemtuma kuikatia meza yake chakula. Bweni Sitti akajibu kwamba hakumkataza mtu kula, amewakataza watu wake kuvua, na akamweleza habari za mwani na meno ya pono taratibu, kama anavyomweleza mchuuzi asiyejua kitambaa chake mwenyewe. Nilitafsiri kila neno. Yule mtu alisikiliza nusu, akauliza itakuwaje akituma askari wake wakavue wenyewe.

"Mwambie bahari haina mlango, wataingia," alisema Bweni Sitti. "Kisha muulize nani atampikia."

Nilitafsiri. Yule mtu akageuka akamwita mpishi wake, mwanamke wa makamo, na nilipomwona anavyojifunga kitambaa kichwani nikajua ni wa kwetu Ndzuani. Habari za katazo zilikuwa zimemfikia kabla yetu. Hakumtazama aliyemwita. Alimgeukia Bweni Sitti, akainama, akatoa ile salamu tunayowapa wakubwa: "Kwezi, Bweni." Na Bweni Sitti, ameketi katika nyumba ya bunduki, akaitikia kama mkubwa anavyoitikia salamu hiyo, "Mbona." Ndipo mpishi akamwambia tajiri wake, kwa Kifaransa cha jikoni, kwamba pono hatapika, ila jodari atampikia leo hii. Nilimwona yule mtu akimtazama mpishi wake, mwanamke aliyemwandalia chakula kila siku na ambaye bila shaka hakuwahi kumwinamia, kisha akatucheka, si kwa ubaya, akasema kwake samaki ni samaki, alimradi pawe na limau, na kwamba hakujua hata huyo pono alikuwa anaitwaje. Hasira iliyonipanda hapo bado ninayo. Mwamba wetu uliliwa na mtu asiyejua anakula nini. Lakini Bweni Sitti alikwisha kusimama, akaaga kwa adabu zote, na tulitembea mpaka Itsandra kwa miguu. Ufukweni alikaa juu ya jiwe, magoti yakimcheza, akaomba maji. Aliniomba nisiwaambie wenzetu kwamba ametetemeka. Nimetunza siri hiyo mpaka leo, na nadhani sasa ataniruhusu, maana kutetemeka kwake ndiko kunakonifanya nijivune naye zaidi.

Oda ya pono ilikatika. Mwani uliondoka taratibu, kuanzia upande wa ziara, samaki wakisogea nao kuja mjini. Mutsamudu ilimpokea Bweni Sitti kwa nyimbo, na yeye alizipokea kama haki yake. Lakini kila Ijumaa aliijaza sahani ya Saindou, akaifunika kwa kawa, na baada ya alasiri akaigawia jirani. Kutengwa hakufutwi na mtu mmoja, tena dada. Mkosaji huja mwenyewe mbele ya wote, na Saindou hakuja. Bweni Sitti aliponiambia chakula kimebaki kwa sababu mimi siku hizi sili, nilikubali kosa. Nilimsikia akilia upande wa pili wa ukuta.

Ijumaa moja, mwaka ukiisha, wanawake wakiwa wamejaa sebuleni kupanga mambo ya harusi, Saindou alisimama mlangoni. Amekonda, na kanzu yake haikupigwa pasi. Alitoa salamu, tukaitikia sote, kisha kimya, kwa kuwa zaidi ya hapo hatukumdai wala hakutudai. Akasema jana usiku alishuka mwambani peke yake, na karabai na chusa. Wanawake walinguruma. Bweni Sitti hakuruhusiwa kumhoji, akanitazama mimi, mgeni ambaye katazo halikumfunga kama wao, na sijawahi kutazamwa vile.

"Umeona nini, Mjomba?" nikamuuliza.

Alisema pono wamerudi. Wakubwa, wamelala chini ya mawe mpaka karibu na mji, angeweza kuwashika kwa mkono.

"Ukafanya nini?"

"Nikazima taa," alisema. "Nikakaa gizani mpaka maji yakaanza kujaa, nikarudi."

Mwanamke yule aliyelilia tasi ndiye aliyeanza kutikisa kichwa kukubali, kisha wa pembeni yake, kisha wote, mkeka mzima, mpaka zamu ikamfikia dada mtu. Bweni Sitti alinyanyuka kwa shida, akachukua birika na beseni, akaenda mlangoni.

"Nawa mikono, Saindou," alimwambia. "Chakula kinapoa."